Bingwa hudaiwa kwa lipi? Ulinganisho wa uzembe wa kitabibu kati ya fani na fani

Daktari anayekaribia kuchagua fani ya ubingwa huulizia mambo mengi: miaka ya masomo, zamu za usiku, kipato, na kama atabakiwa na muda wa kulea watoto wake. Swali la madai ya uzembe huja mwishoni, na likija huulizwa kwa namna moja tu, yaani fani gani hudaiwa zaidi. Jibu lipo na takwimu zake zinajulikana. Hata hivyo naona swali hilo halimsaidii sana anayechagua, kwa kuwa idadi ya madai haisemi kosa la fani hiyo huzaliwa wapi, huonekana baada ya muda gani, wala kama daktari aliyelitenda alikuwa na nafasi ya kulizuia.

Tuanze na takwimu zenyewe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 nchini Marekani, uliotazama kumbukumbu za madaktari 40,916 waliokuwa na bima ya kampuni moja kubwa kati ya mwaka 1991 na 2005, ulionyesha kwamba katika mwaka wowote asilimia 7.4 ya madaktari walikabiliwa na dai, lakini ni asilimia 1.6 tu waliokuwa na dai lililoishia kwenye malipo. Waliodaiwa zaidi ni wapasuaji wa ubongo na mishipa ya fahamu, asilimia 19.1 kwa mwaka, wakifuatwa na wapasuaji wa moyo na kifua, asilimia 18.9, na wapasuaji wa jumla, asilimia 15.3. Upande wa pili walikuwapo madaktari wa familia kwa asilimia 5.2, madaktari wa watoto kwa asilimia 3.1, na wa magonjwa ya akili kwa asilimia 2.6.

Anayeishia hapo atachagua magonjwa ya akili au watoto na kujiona amesalimika. Lakini katika utafiti huohuo, wastani wa malipo kwa dai lililolipwa ulikuwa dola 274,887 kwa fani zote zikichanganywa, na fani iliyolipa wastani mkubwa kuliko zote ni ya watoto, zaidi ya dola 520,000, wakati ya ngozi ililipa wastani mdogo kuliko zote, dola 117,832. Malipo yaliyovuka dola milioni moja yalikuwa 66 tu katika kipindi chote hicho: 11 yalitoka katika magonjwa ya wanawake na uzazi, na 10 katika patholojia, fani ya kuchunguza sampuli za mwili, ambayo bingwa wake aghalabu hamwoni mgonjwa hata kwa macho. Zaidi ya hayo, watafiti walikadiria kwamba hadi kufikia umri wa miaka 65, asilimia 75 ya madaktari wa fani zenye hatari ndogo watakuwa wamewahi kudaiwa angalau mara moja, na kwa fani zenye hatari kubwa ni asilimia 99. Hakuna fani ya kukimbilia, basi, ila zipo fani ambazo dai lake mtu fulani anaweza kulibeba na zipo ambazo hawezi.

Jambo jingine lisilosemwa sana ni muda. Utafiti wa mwaka 2013, wa Marekani pia, ulikadiria kwamba daktari wa kawaida hutumia takriban miezi 50 ya maisha yake ya kazi akiwa na dai ambalo halijaamuliwa. Kwa bingwa wa magonjwa ya akili muda huo ulikuwa kama miezi 16, na kwa mpasuaji wa ubongo ulizidi miezi 130, ambayo ni zaidi ya miaka kumi ya kufungua barua za mawakili huku akiendelea kupasua wagonjwa wengine.

Madhara si uzembe

Kabla ya kulinganisha, ni lazima neno lenyewe liwekwe mahali pake. Mgonjwa akidhurika hospitalini haimaanishi kuwa amefanyiwa uzembe. Anayedai hutakiwa kuonyesha kwamba daktari alikuwa na wajibu kwake, kwamba daktari huyo alishuka chini ya kiwango cha utendaji kinachotarajiwa kwa mwenzake wa fani ileile, kwamba kushuka huko ndiko kulikosababisha madhara, na kwamba madhara yenyewe yapo. Uchunguzi mkubwa wa kumbukumbu za hospitali za jimbo la New York za mwaka 1984 ulikuta kwamba asilimia 3.7 ya waliolazwa walidhurika kutokana na matibabu yenyewe, na kati ya hao waliodhurika, asilimia 27.6 walidhurika kwa uzembe. Ufuatiliaji wake ulionyesha pia kwamba wengi waliodhurika kwa uzembe hawakudai kabisa, na kwamba wengi waliodai hawakuwa wamefanyiwa uzembe. Hivyo tunapozungumzia fani kudaiwa, na tunapozungumzia fani kukosea, tunazungumzia mambo mawili yanayokutana kwa sehemu tu.

Kuna jambo la kuvutia katika historia ya sheria hii nchini Uingereza, ambayo mahakama nyingi za nchi zinazofuata sheria ya Kiingereza huirejea. Kesi tatu zinazotajwa kuliko nyingine zote hazikutoka katika chumba cha upasuaji. Kesi ya Bolam ya mwaka 1957 ilimhusu mgonjwa wa akili aliyevunjika mifupa ya nyonga alipotibiwa kwa mshtuko wa umeme bila kupewa dawa ya kulegeza misuli. Alishindwa, na kutoka hapo ikawekwa kanuni kwamba daktari hana uzembe ikiwa alifuata utaratibu unaokubaliwa na kundi la madaktari wenye ujuzi katika fani hiyo. Kesi ya Bolitho iliyoamuliwa mwaka 1997 ilimhusu mtoto wa miaka miwili mwenye shida ya kupumua ambaye daktari aliitwa na hakufika. Familia ilishindwa, lakini mahakama ilisisitiza kwamba maoni ya wataalamu yanapaswa kustahimili mantiki, si kukubaliwa tu kwa sababu yametolewa na wataalamu. Ya tatu ni ya Montgomery ya mwaka 2015, inayotoka katika uzazi, na tutaifikia. Fani zilizo chini kabisa katika orodha ya madai, au zile ambazo hakuna aliyeshika kisu, ndizo zilizotunga kipimo ambacho mpasuaji naye hupimiwa.

Upasuaji: mkono hulaumiwa, jicho ndilo lililokosea

Kwa mpasuaji, watu hudhani kosa hukaa mkononi. Tutazame kwa karibu upasuaji mmoja wa kila siku, wa kutoa kifuko cha nyongo kwa kamera kupitia matundu madogo ya tumbo. Kifuko kimelala chini ya ini, na kimeunganishwa na mrija mkuu wa nyongo kwa kimrija kifupi ambacho ndicho kinachopaswa kubanwa na kukatwa. Msaidizi akikivuta kifuko kwa mwelekeo usiofaa, kimrija hicho na mrija mkuu hujipanga mstari mmoja. Na kama uvimbe wa siku nyingi umegandisha nyama za hapo, mpasuaji huona kwenye skrini mrija mmoja uliokwenda moja kwa moja hadi kwenye kifuko. Anaubana, anaukata, na mkono wake hautetemeki hata kidogo. Alichokata ni mrija mkuu.

Uchambuzi wa majeraha 252 ya namna hii, uliochapishwa mwaka 2003, ulihitimisha kwamba katika asilimia 97 chanzo kikuu kilikuwa macho kudanganyika, wala si udhaifu wa ufundi. Ndiyo maana jeraha hili, linalowapata takriban wagonjwa 3 hadi 5 katika kila 1,000 wanaofanyiwa upasuaji huu kwa kamera, huwapata wapasuaji wazoefu pia. Tangu mwaka 1995 kumekuwa na utaratibu ulioelezwa bayana: kusafisha mafuta na utando hadi ionekane wazi kwamba ni vitu viwili tu, mrija na mshipa wa damu, vinavyoingia kwenye kifuko, na kutokata lolote kabla ya hapo. Katika dai, swali la kwanza la wakili wa mgonjwa ni kama hatua hiyo ilifanyika na iliandikwa. Swali la pili ndilo gumu zaidi. Mgonjwa aliporudi siku ya nne akiwa na homa, maumivu na macho yaliyoanza kuwa ya njano, nani alimwambia kwamba hayo ni maumivu ya kawaida baada ya upasuaji? Kwa maoni yangu, madai mengi ya upasuaji yangeweza kutetewa pale kwenye mkasi, na hupotelea wodini.

Kosa la pili la upasuaji ni la kuhesabu. Ni usiku, tumbo limefunguliwa kwa dharura, damu inatoka, na mpango umebadilika katikati kwa sababu kilichokutwa ndani sicho kilichotarajiwa. Muuguzi anahesabu gozi, yaani vitambaa vya kunyonyea damu, kwa sauti, tano, kumi, kumi na tano, anarudia, huku zamu ikibadilishana na aliyeanza kuhesabu siye anayemaliza, na mpasuaji ameshaanza kushona. Utafiti wa mwaka 2003 uliowachunguza wagonjwa 54 walioachiwa vitu mwilini ulikuta kwamba asilimia 69 ya vitu hivyo vilikuwa gozi, kwamba dharura iliongeza hatari karibu mara tisa, na kwamba mabadiliko yasiyopangwa ya upasuaji yaliiongeza mara nne. Hapa hakuna mjadala wa kitaalamu wa kumwokoa mtu. Mahakama nyingi huchukulia kwamba gozi iliyoachwa tumboni inajishuhudia yenyewe. Orodha ya usalama wa upasuaji iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2008 ililenga makosa ya aina hii, na katika majaribio yake kwenye hospitali za miji minane, yaliyochapishwa mwaka 2009, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7.

Ndani ya upasuaji wenyewe tofauti ni kubwa, na anayechagua asiichukue kama fani moja. Mpasuaji wa ubongo na uti wa mgongo hudaiwa sana kwa sababu madhara yake ni makubwa hata pale asipokosea: mgonjwa aliyeingia akitembea na kutoka amepooza atauliza, na ana haki ya kuuliza. Bingwa wa mifupa hupambana na upande usio sahihi wa mwili, na pia na hatari iliyojificha ndani ya plasta, pale shinikizo la uvimbe linapoua misuli ya mguu huku mgonjwa akilalamika maumivu yasiyolingana na mvunjiko na akizidishiwa dawa ya maumivu badala ya kufunguliwa plasta. Mpasuaji wa urembo hudaiwa kwa ajili ya picha iliyokuwa kichwani mwa mgonjwa, ambayo hakuna aliyeichora kwa maneno kabla ya kusaini fomu ya ridhaa.

Daktari wa usingizi, jirani wa mpasuaji

Wawili hawa husimama chumba kimoja, mmoja upande wa kichwa na mwingine upande wa jeraha, lakini makosa yao hayafanani. Kosa la mpasuaji mara nyingi hujulikana baada ya siku. La daktari wa usingizi hupimwa kwa dakika. Mpira wa kupumulia ukiingia kwenye umio badala ya koo la hewa, ubongo hauna muda wa kusubiri kikao cha madaktari. Zamani daktari alitegemea kusikiliza kifua na kutazama rangi ya midomo, njia ambazo hudanganya hasa wakati zinapohitajika zaidi.

Kilichotokea katika fani hii kinastahili kutazamwa na mtu yeyote anayelinganisha. Katikati ya miaka ya 1980 madaktari wa usingizi wa Marekani walianza kukusanya mafaili ya madai yaliyokwisha kufungwa na kuyasoma kama wanavyosoma magonjwa, na mwaka 1986 chama chao kikapitisha viwango vya ufuatiliaji wa mgonjwa. Kipimo cha oksijeni cha kidoleni na kipimo cha kabonidioksaidi katika hewa anayotoa mgonjwa vikawa vya lazima baadaye, na madai ya vifo vilivyotokana na kushindwa kupumua yakapungua. Leo miongoni mwa madai ya kawaida ya fani hii ni la jino lililovunjika wakati wa kuingiza mpira. Anayependa kazi ambayo hatari yake imefungwa kwa mashine na utaratibu atapata hapa utulivu asioupata kwa mpasuaji, alimradi akumbuke kwamba siku kosa likitokea, ni la ubongo uliokosa hewa.

Uzazi, ambako mgonjwa ni wawili

Fani ya wanawake na uzazi siilinganishi kwa urahisi na nyingine, kwa kuwa dai lake lina sura ambayo fani nyingine hazina. Aliyedhurika huenda akaishi miaka mingi akihitaji uangalizi wa kila saa, na fidia hupigwa kwa urefu wa maisha hayo. Sheria za nchi nyingi huongeza muda wa kudai kwa niaba ya mtoto, kiasi kwamba daktari anaweza kuitwa kueleza usiku mmoja wa miaka mingi nyuma, ambao haukumbuki kabisa, kwa kutumia maandishi ya mkono wake mwenyewe yaliyoandikwa kwa haraka.

Ushahidi mkuu mara nyingi ni ukanda wa karatasi wenye mistari miwili, mmoja wa mapigo ya moyo ya mtoto na mwingine wa uchungu wa mama. Wataalamu wawili wakiusoma ukanda huo wanaweza kutofautiana, na mtaalamu yuleyule akiusoma tena baada ya kuambiwa kwamba mtoto alizaliwa amechoka anaweza kutofautiana na nafsi yake. Juu ya hilo, ni sehemu ndogo tu ya mtindio wa ubongo inayotokana na kukosa hewa wakati wa kuzaliwa. Nyingi ina mizizi katika ujauzito, maambukizi, kuzaliwa njiti au sababu nyingine. Kwa hiyo vita kubwa katika kesi za uzazi huwa juu ya kisababishi: kama upasuaji wa kujifungua ungefanyika nusu saa mapema, mtoto angekuwa mzima?

Kesi ya Montgomery iliongeza mzigo wa aina nyingine. Mama mwenye kisukari na umbo dogo hakuambiwa kwamba kwa mwanamke kama yeye hatari ya mabega ya mtoto kukwama ilikuwa kama asilimia 9 hadi 10, kwa sababu daktari aliona kwamba uwezekano wa mtoto kudhurika vibaya ulikuwa mdogo na kwamba mama angeomba upasuaji. Mabega yalikwama, mtoto akapata mtindio wa ubongo, na Mahakama ya Juu ya Uingereza ikaamua mwaka 2015 kwamba daktari ana wajibu wa kumweleza mgonjwa hatari ambazo mtu aliye katika nafasi ya mgonjwa huyo angeziona kuwa na uzito, wala si zile tu ambazo madaktari wenzake wangezitaja. Kosa lilikuwa la mazungumzo kliniki, kabla ya uchungu. Anayeingia uzazi kwa kupenda chumba cha kujifungulia ajue kwamba meza ya kliniki nayo ni mahali pa hatari.

Dharura na familia: ugonjwa mmoja, saa mbili tofauti

Linganisho linalonivutia zaidi ni la daktari wa dharura na daktari wa familia, kwa kuwa wote wawili hudaiwa hasa kwa kosa moja, kukosa au kuchelewesha utambuzi, lakini muda unaokimbia si mmoja.

Kwa daktari wa dharura, muda ni wa saa. Kijana anayekuja na maumivu ya tumbo la chini, akiona haya kusema yanatoka wapi hasa, huenda korodani yake imejisokota, na nafasi nzuri ya kuiokoa ni ndani ya takriban saa 6 tangu maumivu yaanze; asipovuliwa nguo na kukaguliwa, ataandikiwa dawa ya tumbo. Mtu mwenye maumivu makali ya kifua yaliyochoma hadi mgongoni huenda ukuta wa mshipa mkuu wa aota umechanika, na akitibiwa kama mwenye shambulio la moyo kwa dawa za kuzuia damu kuganda, tiba yenyewe humzidishia hatari. Kosa la dharura huanza pale jina la ugonjwa linapopatikana mapema mno. Aliyeandikiwa neno tumbo kwenye mapokezi hutembea na neno hilo hadi anaporuhusiwa, na kila anayempokea huliamini kwa sababu mwenzake ameliamini.

Kwa daktari wa familia, muda ni wa miezi, na huko ndiko saratani zinakochelewa. Mtu wa makamo anakuja na damu kwenye choo, anaambiwa ni bawasiri, na kwa kweli bawasiri anayo. Anarudi baada ya miezi mitatu akiwa amepungua damu, anapewa vidonge vya madini ya chuma. Mara ya tatu anapokelewa na daktari mwingine. Hakuna hata ziara moja kati ya hizo ambayo ukiitazama peke yake inaonekana kuwa ya kizembe. Uzembe uko katika nafasi kati ya ziara, ambako hakuna aliyeziunganisha. Mbaya kuliko hilo ni majibu ya kipimo yaliyorudi, yakawekwa kwenye faili, na hakuna aliyeyasoma. Dai la namna hiyo halihitaji mtaalamu wa kuliendesha. Tarehe ya majibu na tarehe ya utambuzi zinatosha.

Radiolojia na patholojia: kosa lisilofutika

Bingwa wa radiolojia hukosea kama wengine, ila kosa lake hubaki limehifadhiwa kwenye picha, na miaka baadaye mtu yeyote aliyekwishaambiwa pa kutazama ataweza kulinyooshea kidole. Tangu mwaka 1949, bingwa wa radiolojia aitwaye Garland alipoonyesha kwamba wasomaji wazoefu wa picha za kifua walikosa kama asilimia 30 ya picha zenye ugonjwa, inajulikana kwamba hili si suala la uvivu. Mwaka 2013 watafiti waliwapa mabingwa 24 wa radiolojia picha za CT za mapafu watafute vinundu, wakapachika humo picha ya sokwe yenye ukubwa wa mara 48 ya kinundu cha kawaida. Mabingwa 20 hawakumwona, na vifaa vya kufuatilia macho vilionyesha kwamba wengi wao walimtazama palepale alipokuwa.

Mtego mwingine hutokea pale msomaji anapokuta kitu. Mgonjwa ameanguka, picha inaonyesha ubavu uliovunjika, bingwa anauandika na moyo wake unatulia. Kinundu kidogo nyuma ya mfupa wa bega hakipati macho yaliyobaki. Baada ya mwaka mmoja na nusu kinundu kimekuwa saratani iliyosambaa, na ile picha ya kwanza inaletwa mahakamani ikiwa imekuzwa. Radiolojia hudaiwa pia kwa kutowasilisha: ripoti imeandikwa kwa usahihi wote, na daktari aliyeiomba hakuwahi kupigiwa simu.

Patholojia ni ndugu yake, yenye madai machache na mazito, kwa kuwa neno moja la bingwa huyu huamua kama titi litaondolewa au baka la ngozi litaachwa. Sampuli mbili zikibadilishana majina mezani, watu wawili hudhurika kwa mara moja.

Watoto na akili, kwa ufupi

Daktari wa watoto hudaiwa mara chache, na kiwango cha malipo yake nimekwisha kukitaja. Mgonjwa wake hawezi kusema panapouma, homa ya uti wa mgongo huanza ikifanana na mafua, na dozi hupigwa kwa uzito wa mwili, hivyo nukta moja ikihama kwenye desimali mtoto hupewa dawa mara kumi. Nasaha ya mabingwa wengi wa fani hii ni moja: mama akirudi mara ya pili akisema mtoto huyu si wake wa siku zote, usimrudishe nyumbani kwa maelezo yaleyale.

Bingwa wa magonjwa ya akili hudaiwa hasa mgonjwa anapojiua, au dawa kama lithiamu isipofuatiliwa kwa vipimo vya damu, au daktari anapovuka mpaka wa uhusiano wake na mgonjwa. Katika kesi ya Tarasoff ya mwaka 1976, Mahakama ya Juu ya jimbo la California iliongeza kwamba mtaalamu anayejua mgonjwa wake ni hatari kwa mtu fulani ana wajibu wa kuchukua hatua za kumlinda mtu huyo. Hapa hakuna picha wala sampuli. Kilichopo ni maandishi, na kama hakuandika kwamba aliuliza kuhusu kujiua, itachukuliwa kwamba hakuuliza.

Achague kwa kipimo gani

Kwa anayesita kati ya upasuaji wa jumla na radiolojia, tofauti haipo katika jicho, kwa kuwa wote hudanganywa na macho. Ipo katika kumjua aliyedhurika. Mpasuaji atamkuta wodini kesho yake asubuhi na atalazimika kumweleza yeye na nduguze, na wapo ambao jambo hilo huwaponya na wapo ambao huwavunja. Kwa anayesita kati ya dharura na familia, ajipime kama husumbuliwa zaidi na uamuzi wa haraka alioutoa bila taarifa za kutosha, au na orodha ndefu ya watu aliowaahidi kuwafuatilia. Asiyependa kuandika asiende uzazi wala akili, hata kama ana mikono ya dhahabu na sikio la upole. Na anayetaka hatari ambayo wenzake wameshaichora ramani yake, sioni fani inayoishinda ya usingizi.

Liko jambo moja la makaratasi ambalo ningemshauri aliulize kabla ya kusaini mkataba wowote wa kazi, na uzito wake hutofautiana kwa fani. Zipo bima zinazomlinda daktari kwa tukio lililotokea wakati bima ipo hai, hata dai likija baadaye, na zipo zinazomlinda tu ikiwa dai lenyewe limeletwa bima ikiwa hai. Kwa daktari wa usingizi, ambaye madhara ya kosa lake mara nyingi hujulikana mgonjwa akiwa bado hospitalini, pengo kati ya aina hizo mbili huwa fupi. Kwa bingwa wa uzazi aliyehama hospitali au kustaafu, mtoto aliyezaliwa usiku wa zamu yake ya mwisho anaweza kudai akiwa ameshaanza shule, na bima iliyokuwapo usiku ule huenda imeshafungwa.